Gerold Haug na Nambari ya Kituo cha Kumi na Saba

Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini, wapiga tarumbeta wa kanisa, na ninyi mliotoka kiwandani mkachagua viti vya nyuma, leo Ijumaa tarehe 14 Juni 2024 tunamsindikiza Gerold Haug, na kwa desturi ya hapa Onstmettingen hakuna anayeshushwa kaburini kabla maisha yake hayajasomwa mbele ya waliomjua, na anayeyasoma ni dada yake mkubwa, Roswitha, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akashona fulana kwa miaka thelathini na mmoja, na mengine yote akajifundisha mwenyewe vitabuni, kwa hiyo atakayeona sentensi imepinda aivumilie, bali atakayeona jambo limepinda asimame aseme.

Gerold alizaliwa Jumapili tarehe 2 Februari 1964, nyumbani, theluji ikiwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha na mkunga amekuja kwa kuteleza na mbao za theluji, akawa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Albrecht Haug na mkewe Klara, na kwa kuwa wa katikati, Traugott, alifariki akiwa mchanga, walikua wawili tu, yeye na dada yake aliyemtangulia kwa miaka saba na aliyemfundisha kufunga viatu, kuogelea, na kutolia mbele za watu. Baba yao alikuwa fundi wa mizani, kazi iliyokilisha kijiji hiki kabla sisi sote hatujazaliwa, na kila mizani mpya ilipokamilika alimsimamisha mtoto mbele yake na kumuuliza inasema nini, na mtoto akijibu kwamba ni kama kilo moja hivi, aliambiwa aangalie tena, kwa sababu mizani haina neno "hivi". Gerold aliyashika hayo kuliko dada yake, na msomaji wenu anaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu litarudi.

Alianza shule hapa hapa kijijini mwaka 1970 na kumaliza Tailfingen mwaka 1980, akapata kipaimara katika kanisa hili Jumapili tarehe 16 Aprili 1978, na tayari alikuwa na miaka mitatu katika bendi ya tarumbeta, akipiga lile honi lililokuwa kubwa kuliko kifua chake, nalo alilipiga kwa miaka arobaini na minne, kwenye harusi zenu, kwenye mazishi yenu, na kila asubuhi ya Pasaka pale makaburini. Tarehe 1 Septemba 1980 alianza uanagenzi wa ufundi umeme huko Ebingen, akaumaliza Februari 1984 akiwa wa pili kati ya kumi na tisa, jambo lililomuudhi kwa miaka, kisha akasoma shule ya jioni, na mwaka 1986 akaingia chuo cha ufundi cha Furtwangen, akatunukiwa stashahada yake Ijumaa tarehe 29 Juni 1990.

Tarehe 1 Oktoba 1990 aliajiriwa katika ofisi ya wahandisi huko Reutlingen, na tarehe 1 Aprili 2003 akahamia kiwanda cha giaboksi ambacho jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu wakili wao ametuandikia barua, na kwa sababu hakuna aliyemo humu asiyelijua. Wengi wenu mlimwona kule akisukuma gurudumu lake la kupimia, mkadhani anapima sakafu, kumbe alikuwa anapima njia ya maneno, kwa maana kiwanda cha siku hizi hakimsubiri mtu, mikono ya roboti, vigari visivyo na dereva, tanuru na vihisi, vyote vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, maelfu ya maneno kwa kila sekunde, na lazima awepo mtu wa kuamua waya upi upite wapi, neno lipi litangulie na lipi lingoje, ili nyaya ziwe chache iwezekanavyo na hata hivyo lisiwepo neno la maana linalochelewa. Gerold alikuwa mtu huyo, na hatusemi kwa kumpamba, alikuwa bora katika kazi hiyo, aliiachia kompyuta itafute mpango mzuri kuliko yote kati ya mamilioni, kisha akauchukua mpango kwenye karatasi, akavaa viatu vyenye ncha za chuma, akautembea hatua kwa hatua. Mwaka 2008, katika ukumbi wa kwanza, alikuta kwamba nyaya mbili zilizokusudiwa kuokoana, mmoja ukikatika mwingine ushike kazi, zilikuwa zimelazwa kwenye mfereji mmoja chini ya mlango mmoja, mahali ambapo foklifti moja ingezikata zote, na tangu siku hiyo aliwaambia vijana wa kazi kwamba njia mbili kwenye karatasi ni njia moja mpaka mtu azikanyage.

Kuhusu ndoa, alikutana na Heidrun Conzelmann, wa duka la dawa, kwa ugomvi wa ngazi, kwani Gerold alikuwa mpangaji katika nyumba ya mama wa Heidrun, na kibao cha zamu ya kufagia kilipoletwa mlangoni kwake alifagia siku ya Ijumaa badala ya Jumamosi, Heidrun akamwambia kwamba ngazi iliyofagiwa Ijumaa, ikifika Jumapili huwa chafu, naye akapanda na kushuka na karatasi siku tatu akihesabu watu wanaopita, akamletea hesabu kwamba Heidrun amekosea, na mwaka uliofuata wakaoana, Jumamosi tarehe 18 Mei 1991, mbele ya madhabahu hii. Walijaliwa watoto wawili, Friederike, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1993, na Simeon, aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1995, ambaye leo ni mwendesha mitambo katika kiwanda kile kile, pamoja na mjukuu mmoja, Jule, ambaye ana miaka miwili na mnamsikia hapo mbele.

Hapa ndipo historia nyingi za marehemu huruka, zikatoka kwenye ndoa moja kwa moja hadi hospitalini. Kiwanda kimetuletea shada kubwa na ombi dogo, kwamba turuke. Mchungaji naye alituuliza, kwa upole wake, kama kanisani ndipo mahali pake, tukamjibu kwamba kama si hapa atuonyeshe pengine, akatupa muda wote tuutakao, na tunamshukuru.

Katika ukumbi wa tatu, uliofunguliwa mwaka 2017 ukiwa na roboti arobaini na sita, kila mkono wa roboti una pazia la nuru mbele yake, mtu akipitisha mkono wake pazia hutuma neno la kusimama, na zaidi ya hapo roboti husikiliza wakati wote kama pazia bado linaongea, isiposikia kitu kwa muda uliowekwa husimama yenyewe, na muda huo mafundi huuita muda wa subira, nao Gerold aliuweka milisekunde sitini, muda usiofika hata kufumba na kufumbua. Ndani ya muda huo mkono wa roboti huenda sentimita kumi na mbili, na pazia liliwekwa sentimita arobaini na tano mbele yake, kwa hiyo mtu alikuwa salama, na hesabu hiyo ilikuwa safi, Baba angeikubali.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakubwa wakaongeza kamera za kukagua meno ya gia, na picha zake wakazipitisha kwenye nyaya zile zile, juu ya mpango uliokwisha kufungwa, na picha zikajaza njia kama mikokoteni ya nyasi kavu inavyoziba barabara ya gari la posta, maneno ya mapazia yakaanza kuchelewa, na roboti, kwa kutosikia, zikawa zinasimama, mara kumi na moja kwa zamu moja. Gerold akadai kamera zipewe njia yake, akaahidiwa, akangoja, akapigiwa simu kila zamu, na Alhamisi tarehe 9 Novemba 2017, saa tano asubuhi, akafungua kabati la swichi akabadilisha muda wa subira kutoka sitini kuwa mia tatu, mapazia akayaacha pale pale, akabandika ndani ya mlango wa kabati karatasi ya njano aliyoiandika kwa mkono wake kwamba ni ya muda, hadi Jumatatu.

Roboti hazikusimama tena. Ijumaa ililetwa mikate ya brezeli yenye siagi ukumbini, watu wakampigia makofi, na Jumatatu alipokwenda kuuliza nyaya za kamera, msimamizi wa kiwanda alimwambia, "Haug, tangu Alhamisi hakuna kilichosimama, sasa nyaya za nini tena?" Na yeye, aliyeweza kugombana siku tatu kwa ajili ya ngazi, alinyamaza, kwa sababu alikuwa amepigiwa makofi, akajiambia atalisema wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miezi kumi na minne.

Jumanne tarehe 22 Januari 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika kituo cha kumi na saba, Mirjana Vukelić, binti wa watu waliokuja hapa kutoka Kroatia mwaka 1971, aliyefanya kazi hiyo kwa miaka kumi na sita bila mkwaruzo, aliona pete ya chuma imeanguka, akaingiza mkono kuiokota kama alivyofundishwa, akitegemea pazia, pazia likamwona, likasema, na neno lake likakwama nyuma ya picha, na roboti ikangoja kwa subira iliyopewa, ambayo ndani yake mkono wa roboti huenda sentimita sitini, na pazia lilikuwa bado kwenye arobaini na tano. Mirjana alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume.

Haya yangeweza kuitwa kosa, na kosa mtu husamehewa. Lililofuata ni jingine. Saa sita mchana Gerold alikwenda peke yake kwenye kabati lile, akairudisha nambari sitini, akabandua karatasi ya njano, na saa nane mkaguzi wa usalama kazini alipofika na kumuuliza muda wa subira ni ngapi, akajibu sitini, na mkaguzi akatazama, na ilikuwa sitini. Ripoti ikaandika kwamba mfanyakazi alifanya haraka kinyume cha maelekezo, Mirjana akaletewa barua ya onyo akiwa bado kitandani, akarudi kwenye kazi ya kufunga maboksi, mwaka mmoja baadaye akaacha, na katika kijiji hiki ikasemwa kwamba wenzake hawakuumia, ni yeye tu, basi lazima aliharakisha. Msomaji wenu naye alisema hivyo, kwenye foleni ya duka la mikate, kwa sauti.

Pasaka ya mwaka huo Gerold hakupiga honi makaburini. Alisema midomo inamuuma, akalifungia kwenye sanduku lake, na hakulifungua tena, na sisi tulioishi naye tukamwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa "hivi".

Ugonjwa wake ulianza kwa maumivu ya mgongo kiangazi cha 2023, na Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023 huko Tübingen akaambiwa ni saratani ya kongosho, akatibiwa kwa dawa za sindano kwa miezi mitano, akapungua kilo ishirini na mbili, alizipima mwenyewe kwenye mizani ya Baba. Jumamosi tarehe 16 Machi 2024 alikuja jikoni kwa dada yake, akaandaliwa dengu na tambi za mayai, hakula, akasema, "Dada, siku utakaposoma historia yangu, usiruke Januari 2019." Dada yake alidhani ni habari ya honi. Ndipo akasimulia yote mliyoyasikia, kwa mpangilio, pamoja na saa, na dada yake akamwita majina ambayo hayasomwi kanisani, akatupa mwiko kwenye sinki, akamwambia, "Yaani nitubu mimi badala yako, wewe ukiwa umelala ndani ya sanduku? Vaa koti."

Akasema, "Dada, naogopa."

"Ogopa ukiwa umevaa koti," akajibiwa.

Siku ile hawakufika kwa Mirjana, nguvu zake ziliishia kwenye ngazi, lakini Jumamosi tarehe 13 Aprili walikwenda Balingen, ghorofa ya tatu, nyumba isiyo na lifti, na kila kituo cha ngazi alikaa chini kupumua. Mirjana alifungua, akamtazama alivyokwisha, akasema, "Bwana Haug, umekuja kuuza nini?" kisha akawakaribisha, akamimina kahawa kwa mkono wa kushoto bila kumwaga tone. Gerold hakukaa, alishika kiti, akaeleza akiwa amesimama, na alipomaliza Mirjana aliuliza jambo moja tu, "Ilikuwa ngapi?"

"Mia tatu."

"Na ilipaswa kuwa?"

"Sitini."

Alilizungusha bakuli la sukari, kisha akasema, "Miaka mitano, kila asubuhi nikivaa soksi, naurudia ule mkono wangu, natafuta ni wapi niliharakisha." Na baadaye, walipokuwa tayari mlangoni, aliongeza maneno ambayo Gerold alirudi nayo garini na kuyarudia mpaka nyumbani, "Asante kwa kunijia jikoni, Bwana Haug. Ila mimi sikulaumiwa jikoni."

Tarehe 15 Aprili aliandika kwa mkono wake barua kwa ofisi ya usalama kazini, kwa uongozi wa kiwanda, na nakala kwa Mirjana, na ofisi ikampangia siku ya kuhojiwa, Jumanne tarehe 25 Juni, naye akaikamata siku hiyo kama mtu anavyokamata ukingo wa meza, akawaomba madaktari wamfikishe hapo, baada ya hapo wafanye wapendavyo. Nyumbani hapakuwa na amani, lazima isemwe, kwa kuwa Heidrun aliogopea jina la mumewe na kazi ya mwanawe, alisema mtu anayekufa ana haki ya kufa akiwa msafi, na dada mtu akamjibu kwa ukali kupita kiasi, wakakaa wiki tatu hawasemezani, huku mgonjwa akiwa kati yao akisikia milango inavyobamizwa.

Hakuifikia siku yake. Gerold alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu na robo asubuhi, nyumbani, mkewe na watoto wake wakiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi minne na siku tisa, na Jumatano wakili wa kiwanda akaandika kwamba barua ya mtu aliyekuwa kwenye dawa kali za maumivu si ushahidi wa kitu. Msomaji wenu anakiri kwamba siku ile alikata tamaa, kwa sababu wakili alisema kweli, mkaguzi aliona sitini, na aliyeijua mia tatu alikuwa amelala chumba cha mbele amevishwa suti.

Jumatano hiyo hiyo alasiri, mkuu wa bendi alikwenda nyumbani kuchukua honi, ili lipigwe leo na mwingine, na Heidrun alipofungua sanduku lake, ambalo halikuwa limefunguliwa tangu 2019, alikuta chini ya kitambaa karatasi ya njano. Hakumwita mtu. Aliipanda barabara ya juu na aproni yake mpaka kwa wifi yake, ambaye hakuwa amesema naye tangu Mei, akaiweka mezani, akasema, "Soma yote, Roswitha." Simeon, alipoulizwa kama anajua itamgharimu nini kule kazini, alisema, "Shangazi, kituo cha kumi na saba nakifanyia kazi mimi. Soma."

Karatasi hii hapa. Imeandikwa, kwa mwandiko ambao mwalimu wake yeyote aliyemo humu ataujua, kituo cha kwanza hadi cha arobaini na sita, muda wa subira sitini kuwa mia tatu, ya muda, hadi Jumatatu, G. Haug, 9 Novemba 2017. Hatutaizika naye. Inatolewa sasa, mbele yenu nyote, kwa Mirjana Vukelić, aliyekaa safu ya tatu karibu na nguzo, aipeleke tarehe 25 mahali ambapo Gerold alitaka kwenda, na sisi familia tutakwenda naye, na kila mtu aliyewahi kusema neno lile kwenye foleni ya mikate ajue ya kwamba Mirjana hakuharakisha. Hakuharakisha kabisa. Msomaji wenu anamwomba radhi, hapa alipo, si jikoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tübingen, ambao hawakumdanganya hata mara moja, dada wawili wa uuguzi waliopanda kwetu kila asubuhi hata barabara ilipokuwa barafu, majirani waliofagia ngazi zamu yetu tangu Februari bila kukileta kibao mlangoni, bendi ya tarumbeta, na wafanyakazi wenzake, wa viti vya nyuma pia, ambao tunawaomba tu, mkirudi Jumatatu, mfungue makabati ya swichi msome kilichobandikwa humo, na kama kimeandikwa ya muda, mgombane siku hiyo hiyo. Kahawa na mkate wa maziwa viko tayari katika ukumbi wa kanisa, na kiti cha kwanza cha familia ni cha Mirjana, akipenda.

Gerold, mdogo wetu, limesemwa lote, halikuongezwa wala halikupunguzwa, hakuna "hivi" ndani yake. Pumzika kwa amani, kama amani ile utaipata, na sisi huku tutaimalizia kazi yako.